Kutoka Bwana hadi Mheshimiwa: jinsi neno ‘ndugu’ lilivyochakaa

Katika sanduku la bati alilotuachia baba kuna barua ya mwaka 1974. Karatasi yake ni nyembamba, imegeuka rangi kama iliyochovywa kwenye chai. Taipureta iliyoiandika ilikuwa na herufi ‘e’ iliyoziba wino, hivyo kila ‘e’ ni doa jeusi. Barua inaanza na neno moja peke yake, Ndugu, kisha mkato. Chini yake, kwa herufi kubwa na kwa mstari, Yah: Ombi la uhamisho. Aya ya kwanza inamwambia baba kwamba ombi lake limefikiriwa na halikukubaliwa. Aya ya pili inamtakia kazi njema. Mwisho, juu ya sahihi na mhuri, yapo maneno ambayo kila karani wa zama zile aliyajua kwa moyo: Wako katika ujenzi wa taifa.

Baba aliitunza maisha yake yote barua iliyomnyima alichoomba. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza sababu. Akanikumbusha kwamba babu yetu alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Jina hilo, manamba, lilitokana na namba: mtu alisafirishwa kutoka kwao kwa mkataba, akapewa kipande cha kuhesabia siku zake za kazi, akajulikana kwa tarakimu. “Babu yenu alikuwa namba,” baba alisema. “Mimi mkubwa wangu aliniandikia ndugu.”

Kwa vijana wa leo maneno hayo yanahitaji maelezo, na ndiyo maana naandika. Wao wamelikuta neno ndugu likiwa limechoka, neno la ufunguzi wa hotuba ambalo sikio halilishiki tena. Wamelikuta pia neno mheshimiwa likiwa limetapakaa kila mahali, kuanzia bungeni hadi kwenye kikao cha kamati ya maji ya kijiji, na wengi wamenieleza jinsi linavyowakera. Lakini maneno haya yana historia, na historia yenyewe haina hata karne moja. Ni historia ya neno la mapenzi lililopandishwa cheo, likatumwa kila kazi, likatumika hata pale palipokuwa hapana mapenzi, mpaka watu wakalichoka.

Kabla ya ndugu kulikuwa na bwana. Bwana ni neno zito katika Kiswahili. Mtumwa alikuwa na bwana wake, mke ana bwana wake, na Wakristo walipotafsiri Biblia walimwita Mungu Bwana. Wakoloni waliingia wakalikuta tayari, likawafaa. Mkuu wa wilaya akawa Bwana Shauri kwa sababu mashauri yote yaliishia mezani kwake. Aliyekuwa juu yake akawa Bwana Mkubwa. Upande wa pili wa neno hilo alikuwapo “boi”, na boi angeweza kuwa mzee mwenye wajukuu. Mtoto wa Mzungu alimwita hivyo, naye aliitika.

Leo bwana limelainika. Tunasema “acha bwana” hata kwa rafiki, na wakulima wana bwana shamba wao bila kinyongo. Kwa wanachama wa mwanzo wa TANU, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, bwana lilikuwa bado lina makali yake. Chama hicho kilijiwekea ahadi za mwanachama, na ahadi ya kwanza ilimtaka mtu akiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Fikiria hilo likisemwa na mpagazi, na mpishi wa nyumba ya Mzungu, na karani wa reli, wakiwa wamesimama chumba kimoja. Walipoitana ndugu walikuwa wanakana kitu. Walikuwa wanakana bwana.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake kuhusu Ujamaa, na hoja yake aliisimamisha juu ya neno la nyumbani, jamaa. Alitaka nchi nzima ijione kama ukoo mmoja, ambamo mgeni hulala na kula, na ambamo kila mwenye nguvu hufanya kazi. Wengi wetu tunakumbuka siasa ya vijiji na mashirika ya umma, tunasahau kwamba ilianza na hoja ya neno. Mwaka uliofuata, 1963, aliwaandikia viongozi wenzake waraka wa kukemea mbwembwe: misafara ya fahari, wimbo wa taifa kupigwa ovyo, watu kusimamishwa kila kiongozi anapopita. Nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya Uhuru na tayari alikuwa ameona kinachokuja.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na baada yake ndugu likawa cheo rasmi. Waziri alikuwa Ndugu Waziri. Katibu tarafa alikuwa Ndugu Katibu Tarafa, na mwanafunzi aliyeomba nafasi ya masomo alijibiwa kwa Ndugu. Hata gazeti la serikali la Kiingereza, Daily News, lililoanza mwaka 1972, liliandika Ndugu mbele ya majina ya watu bila kulitafsiri, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na neno la kulingana nalo. Zanzibar, ambako vijana wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu walikuwa wamerudi na neno “komredi”, maneno hayo mawili yaliishi jirani kwa muda. Jirani zetu wa Zaire nao waliagizwa na Mobutu waitane citoyen, yaani raia, wakaacha monsieur. Dunia ilikuwa na homa ya kubadilisha majina ya kuitana.

Sitaki msomaji adhani kwamba yote yalikuwa ya maigizo. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, waraka mfupi uliosomwa viwandani na mashambani. Ibara yake ya 15 ilipiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, ufidhuli na dharau kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo wakaiamini. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata waligoma hapa na pale, na Profesa Issa Shivji, aliyeyachambua mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976, anaonyesha kwamba migomo mingi haikudai mishahara. Ilitokana na matusi. Meneja alimtukana mtu, akamfokea mama mjamzito, akamwita mzee kwa kidole, na watu wakaweka zana chini. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Watu waligoma kwa sababu waliambiwa wao ni ndugu, kisha wakatendewa kama maboi. Neno lilikuwa na nguvu ya kuwatoa watu kazini na kuwapanga barabarani. Sijui neno gani katika hotuba zetu za leo lingeweza kufanya hivyo.

Lakini migomo ilipoenea, dola ilishtuka. Wagomaji wa kiwanda kingine cha mpira walikamatwa, na tangu hapo kila aliyeinua ibara ya 15 alionekana mkorofi. Neno likabaki, meno yake yakang’olewa. Nadhani hapo ndipo kuchakaa kulipoanza, miaka mingi kabla ya vyama vingi, kwa sababu ndugu lilibaki lazima katika usemi na likaacha kuwa lazima katika matendo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maneno mengi ya kukariri. Mikutano ya CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP ya Zanzibar, ilifunguliwa kwa kuitikia kwamba fikra za Mwenyekiti zidumu. Zidumu! tuliitika shuleni, mikono juu, wengine tukiwa hatujui fikra ni nini. Kisha ikaja vita ya Kagera mwishoni mwa 1978, na baada ya ushindi tukaambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ulifungwa miaka. Nakumbuka foleni ya duka la ushirika, tumetanguliza mawe na ndoo kushika nafasi, tunangojea ule unga wa njano ambao watu waliupa jina la timu ya Yanga kwa sababu ya rangi yake. Mwuza duka alifungua nusu ya mlango. “Ndugu zangu, sukari imekwisha.” Alisema ndugu zangu kwa sauti ya upole kabisa, na nyuma yake, kwenye giza la stoo, tuliyaona magunia.

Magunia yale yalikuwa ya ndugu wengine. Wale wa damu, wa kijiji kimoja, wa ofisi moja. Watu wa mtaani, ambao hawahitaji baraza lolote kuwaundia maneno, wakaunda jina la mambo hayo. Walikuwa wanalijua neno “Afrikanaizesheni” la miaka ya 60, wakati Waafrika walipochukua nafasi za Wazungu maofisini, na walikuwa wamelikata likawa naizesheni. Sasa wakaliunganisha na undugu: undugunaizesheni. Neno refu, halipendezi mdomoni, lakini kila aliyekosa kazi kwa sababu hakuwa na mjomba alilielewa mara moja. Naliona kuwa ndiyo hukumu kali kuliko zote iliyowahi kutolewa juu ya siasa ya undugu, na ilitolewa na watu wasio na cheo. Chama kilikuwa kimelipanua neno mpaka likawaingiza binadamu wote, na wananchi walipochungulia stoo wakalikuta limerudi kuwa la shangazi na binamu. Wahenga walishasema undugu ni kufaana, si kufanana. Stoo ile ilikuwa na wanaofanana.

Kenya haikupita njia ya ndugu, lakini ilipita njia ya upendo, na mwisho wake ulikuwa mchungu zaidi. Daniel arap Moi alipochukua urais mwaka 1978 alitangaza kwamba atafuata nyayo za Kenyatta, na falsafa yake ya Nyayo ikafungwa kwa maneno matatu: amani, upendo na umoja. Yaliimbwa na kwaya za shule, yakaandikwa ukutani, yakatamkwa chifu alipofungua mkutano na alipoufunga. Taarifa ya habari ya redio ilianza na Mtukufu Rais karibu kila siku ya Mungu, hata kama Mtukufu Rais alikuwa amehudhuria ibada tu. Mtukufu! Neno ambalo msikitini na kanisani tunampa Mwenyezi Mungu, na mwezi wa Ramadhani.

Katikati ya Nairobi lilijengwa jengo refu la serikali likaitwa Nyayo House. Chini yake, gizani, palikuwa na vyumba ambamo watu walifungiwa na kuteswa kwa sababu ya siasa zao. Vyumba hivyo vilifunguliwa watu wavione mwaka 2003, baada ya Moi kuondoka. Mkenya aliyesota kule chini alikuwa amefundishwa kuitikia upendo. Nimezungumza na Wakenya wa rika langu ambao hadi leo hawawezi kulisema neno hilo hadharani bila kuhisi aibu, nami siwalaumu.

Tanzania nayo ilibadilika, kimyakimya kwanza. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikawaruhusu viongozi waliyokatazwa na Azimio la Arusha: hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha, mshahara zaidi ya mmoja. Mwezi Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria. Kwa wapinzani, ndugu lilikuwa limevaa shati la kijani. Wakatafuta maneno yao; baadaye wana Chadema wangeitana kamanda. Serikalini na bungeni pakatakiwa neno la watu wote, na mheshimiwa likawa tayari. Halikuwa neno geni, lilitokana na mila za Bunge la Uingereza, ambako wabunge hutajana kwa vyeo vya heshima. Kilichokuwa kipya ni kutoka kwake nje. Liliteremka ngazi za Bunge likaingia wilayani, likaenda kwenye kata, likafika kijijini. Miaka 25 baada ya Azimio, nchi iliyokuwa imemkana bwana ilikuwa imepata waheshimiwa katika kila tarafa.

Neno lenyewe limeundwa vizuri. Mheshimiwa ni mtu anayeheshimiwa, katika kauli ya kutendwa. Maana yake kitendo kinatoka kwa wengine, na wewe unapokea. Kiswahili kimeweka ndani ya neno hilo sharti kwamba heshima hupewi na cheo, unapewa na watu, nao wanaweza kuizuia. Sharti hilo ndilo tulilolisahau. Mtu anachaguliwa leo, kesho ni mheshimiwa, na asiyemwita hivyo anakosolewa na mpambe wake.

Asiyeamini uzito wa jambo hili na afungue Taarifa Rasmi za Bunge, zile kumbukumbu za majadiliano zilizochapwa. Ukurasa baada ya ukurasa, aya baada ya aya zinaanza na Mheshimiwa Spika. Mbunge amepewa dakika chache azungumzie zahanati isiyo na dawa. Anaanza kwa kushukuru kwa kupewa nafasi. Anampongeza Rais, anampongeza waziri, na naibu wake, na watendaji wote wa wizara. Kisha zahanati inapata sentensi mbili, kengele inalia, naye anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Katika hafla za mikoani mambo ni hayohayo. Kila mzungumzaji anawataja waheshimiwa wote waliopo, mmoja mmoja, huku akina mama wameketi juani na watoto migongoni, mpaka atokee mwenye huruma aseme itifaki imezingatiwa.

Na ndani ya usemi huo kila kitu kimepewa nguo laini. Maji hayatoki mwezi wa tatu, tunaambiwa kuna changamoto ya maji. Mwalimu mmoja ana wanafunzi mia na ishirini, hiyo ni changamoto katika suala zima la elimu. Tatizo lilikuwa na mwenyewe na lilidai jibu. Shida ilimuuma mtu. Kero ilikuwa na makali yake. Changamoto haina aliyeisababisha, na mheshimiwa hana anayemwuliza, ndiyo maana maneno hayo mawili hutembea pamoja.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma, sitaitaja, nyuma ya bibi mmoja aliyekuja na kesi ya shamba. Alimwambia ofisa, “Baba, nimekuja tena.” Karani aliyekuwa kando akamrekebisha: “Sema mheshimiwa.” Bibi akanyamaza kidogo, akatazama kanga yake, akaanza upya, na safari hii alisema mheshimiwa mara nyingi mno, kila baada ya maneno matatu, kwa hofu ya kukosea. Shamba lenyewe alilisahau nusu. Kumbe “baba” aliyoisema mwanzo, kwa kijana wa umri wa mjukuu wake, ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Nimesikia wakisema kwamba sisi Waswahili ni watu wa adabu, na vyeo ni sehemu ya adabu. Ni kweli, tangu enzi za miji ya Pwani tumekuwa na mwinyi na sharifu na shehe, na mtoto asiyesema shikamoo tunamwuliza kama hana wazazi. Lakini itazameni shikamoo yenyewe. Ina jibu lake, marahaba, na mkubwa asiyeitikia marahaba amefanya kosa mbele ya watu. Ndugu nalo lilikuwa na jibu, nalo ni ndugu. Mheshimiwa halina jibu. Linapanda juu na hakuna linaloshuka. Hili ndilo linalokera watu, nijuavyo mimi, zaidi ya kurudiwarudiwa kwake.

Neno ndugu halijafa. CCM bado inaliandika katika nyaraka zake, na marais bado wanatusalimu kwa “ndugu wananchi”. Lakini itafute orodha yoyote ya wageni waalikwa: wa kwanza ni Mhe., wanafuata Dkt. na Mhandisi na Wakili na Mchungaji, na chini kabisa, kwa wale waliobaki bila kitu cha kuandika mbele ya majina yao, imewekwa Ndg.

Siku tuliyomzika baba, diwani alikuja, na mbunge alimtuma mwakilishi. Mshereheshaji aliwatambulisha wote kwa mheshimiwa, na ilichukua muda. Jeneza lilipokwisha kushuka akasema, kwa sauti ya chini, “Ndugu wa marehemu watangulie.” Waheshimiwa wakasogea pembeni bila kuambiwa. Tukatangulia sisi, na nyuma yetu, bila kuulizwa na mtu, akaja mzee ambaye hana nasaba yoyote na ukoo wetu, aliyepanda na baba mahindi ya kijiji mwaka 1975. Akachota udongo akatia. Hakuna aliyemzuia.